Chupa ya Mabibo Kati ya Bia Nyepesi na Konyagi Ndogo

Mvinyo wa mabibo, yaani matunda ya mkorosho, ninaouzungumzia hapa niliununua kwa mara ya kwanza mwezi Agosti, katika viwanja vya Ngongo mjini Lindi, wakati wa maonyesho ya Nanenane. Ulikuwa umepangwa juu ya meza ya kikundi kidogo cha wasindikaji kutoka Mtwara, kati ya chupa za jamu na pakiti za korosho zilizobanguliwa, na binti aliyekuwa akiuza alinionjesha kwa kifuniko cha chupa ya maji kwa sababu bilauri za kuonjeshea zilikuwa zimekwisha. Tangu siku hiyo nimenunua chupa nyingine nne, zote katika grosari moja ya Chikongola, Mtwara mjini, na nimezinywa kwa nyakati tofauti, peke yangu na pamoja na rafiki zangu ambao hawajawahi kukubaliana nami juu ya kinywaji chochote. Jina la kikundi sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayapendezi na kazi yao bado ni changa. Niseme pia kwamba kwa miaka kadhaa niliuza vinywaji katika duka la jumla huko Masasi, kwa hiyo chupa naitazama kwa jicho la mnywaji na vilevile kwa jicho la mtu aliyewahi kuhesabu kreti.

Tuanze na kilichomo ndani. Rangi yake ni ya chai ya rangi isiyokolea sana, na ukiinua bilauri kwenye mwanga unaona kwamba umechujwa vizuri, ingawa chini ya chupa hubaki utando mwembamba wa machicha. Harufu ndiyo iliyonivutia kuliko vyote. Mtu yeyote aliyewahi kupita chini ya mikorosho mwezi Novemba, mabibo yakiwa yameanguka tangu jana na nyuki wamekwisha kuyazingira, ataitambua kabla hajaonja: ni utamu wa tunda lililoiva kupita kiasi, ukiwa na ukali kidogo wa siki kwa nyuma. Ladha ya kwanza, hata hivyo, ni sukari, tena sukari nyingi. Ule ukakasi wa mabibo unaokamata ulimi na kuta za mashavu huja baadaye, na huja kwa unyonge, kama mtoto aliyeambiwa asiongee mbele ya wageni. Lebo inasema kilevi ni asilimia 12, na kwa jinsi kichwa kilivyonielemea baada ya bilauri mbili sina sababu ya kuibishia.

Binti wa Ngongo alinieleza kwamba wanatia sukari mara mbili: kwanza kabla ya kuchachusha, ili kilevi kipande, na mara ya pili kabla ya kujaza chupa, ili wateja waukubali. Hiyo ya kwanza naielewa. Hiyo ya pili ndiyo ninayogombana nayo, na nitairudia mara zaidi ya moja katika maelezo haya, kwa sababu makosa karibu yote ya bidhaa hii yanatoka hapo.

Kwa msomaji asiyetoka Kusini, bibo ni lile tunda laini, jekundu au la manjano, ambalo korosho huning'inia chini yake. Tunda ni zito mara kadhaa kuliko korosho yenyewe na lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, lakini likianguka huharibika ndani ya siku moja au mbili, na kwa hiyo sehemu kubwa ya mabibo ya Mtwara na Lindi huozea shambani baada ya korosho kuondolewa. Kisichooza hukamuliwa kikawa uraka, kinywaji chepesi kinachonywewa siku hiyohiyo au ya pili yake. Uraka ukikenekwa hutoa nipa, ambayo ni ndugu wa gongo na ambayo kuikeneka bila kibali ni kosa tangu Sheria ya Moshi, yaani pombe ya kukenekwa, ya mwaka 1966. Mabibo yakianikwa huitwa kochoko, na kochoko ndiyo inayowezesha mapipa kuendelea kuchemka hata msimu ukiwa umekwisha. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, kilicho jirani kabisa na mji wa Mtwara, kimekuwa kikifundisha vikundi namna ya kugeuza mabibo kuwa juisi, jamu na mvinyo, na sifa ya kwanza ya chupa hii ni kwamba mafunzo ya namna hiyo yamefika mahali mtu anapoweza kuyanunua kaunta.

Swali ni kama kaunta yenyewe inayahitaji kwa sura hiyo. Grosari ninayoisema ina rafu tatu nyuma ya mhudumu na friji moja ya mlango wa kioo, na mpangilio wake si ule nilioujua nilipokuwa Masasi. Wakati ule bia ya Safari ndiyo iliyokaa usawa wa macho, na mteja aliyeagiza kitu chenye kilevi pungufu alitaniwa mpaka amalize chupa. Leo usawa wa macho umechukuliwa na Castle Lite na Serengeti Lite, na Safari yenye asilimia yake 5.5 imeshushwa karibu na sakafu, ingawa wazee wanaoinama kuionyesha kwa kidole bado wapo. Matangazo yamefanya kazi yake, sikatai, lakini nadhani sababu kubwa ni kwamba watu wanataka kukaa. Katika joto la Mtwara, kijana anayekuja saa kumi na mbili jioni kutazama mpira hadi saa nne usiku anahitaji kinywaji cha baridi kitakachomwacha bado anajua njia ya kwenda nyumbani, na kama bei hazipishani sana, hana haja ya kujipa uzito.

Pombe kali nazo zimebadilika, ila kwa sababu nyingine. Tarehe 1 Machi 2017 viroba, yaani pombe kali za vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku nchini, kufuatia tamko la Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia mbunge wa Ruangwa huku kwetu Lindi. Nakumbuka maboksi yaliyobaki stoo Masasi, ambayo mwenye duka alikuwa akiyafunua na kuyafunika kana kwamba idadi ingepungua kwa kutazamwa. Mnywaji aliyezoea kutia kiroba kwenye mfuko wa shati alibaki na njia tatu: kuchanga na mwenzake wanunue chupa ndogo, kupimiwa toti kaunta, au kurudi kwenye nipa. Viwanda viliona njia ya kwanza na vikaifuata. Ndiyo maana katika grosari ya Chikongola chupa kubwa za Konyagi na K-Vant zimepandishwa rafu ya juu ambako zinapata vumbi, huku zile ndogo za mililita 200 zikiwa zimejipanga mbele kama askari wa gwaride. Konyagi ni ileile ya asilimia 35 tangu zamani, kilichobadilika ni ukubwa wa kile mtu anachoweza kukilipia kwa mkupuo mmoja.

Kundi la tatu ndilo linalouhusu mvinyo wetu moja kwa moja. Ni wale wasiopenda uchungu wa bia wala ukali wa konyagi, wanawake kwa wanaume, ambao zamani waliagiza soda na sasa wanaagiza Savanna, Smirnoff Ice au Flying Fish. Vinywaji hivyo vina utamu au harufu ya tunda, vinanywewa vikiwa baridi sana, na zaidi ya yote vinakuja katika chupa ndogo inayomtosha mtu mmoja. Jambo hilo la mwisho halina uhusiano na bei peke yake. Mnywaji wa hapa hapendi chupa ifunguliwe mbali na macho yake, na hata akienda msalani huacha bilauri imefunikwa, kwa kuwa kila mtu ana hadithi yake ya kinywaji kilichochakachuliwa. Chupa ndogo iliyofunguliwa mezani inamwondolea wasiwasi. Mvinyo wa mabibo ulio katika chupa ya mililita 750 unamlazimisha kuchagua kati ya kununua wote, kwa shilingi 15,000 zinazotosha bia sita au saba, na kunywa bilauri iliyomiminwa kutoka chupa iliyofunguliwa kwa ajili ya mtu mwingine asubuhi.

Kuna na suala la kubeba. Mji wetu ni wa pwani na majirani wengi ni Waislamu, na hata asiye Mwislamu mara nyingi hupenda kupita barazani kwa watu bila kutangaza alichonunua. Konyagi ndogo inaingia kwenye mfuko wa suruali, na kopo la bia linaingia kwenye mkoba pamoja na mkate. Chupa ndefu ya kijani yenye karatasi ya dhahabu shingoni huchomoza nje ya mfuko wa kaki na kusalimia mtaa mzima. Nimeibeba mara nne, na mara nne nimepita njia ya nyuma.

Utetezi niliousikia kutoka kwa kikundi ni kwamba chupa kubwa inaonekana ya heshima na inafaa kuwa zawadi. Ni kweli, na kuna majira ambapo hoja hiyo inasimama. Malipo ya korosho yakiingia, hasa katika msimu kama ule ulioanza Oktoba 2024, ambapo katika minada ya mwanzo kilo ya korosho ghafi ilipita shilingi 4,000, soko la vileo la Mtwara na Lindi hupanda ngazi kwa wiki chache: aliyekuwa kwenye uraka anahamia kwenye bia, wa bia anahamia kwenye wiski ya nje, na zile hadithi za mtu kumnywesha mbuzi wake bia huanza kusimuliwa upya, ingawa sijawahi kumwona mbuzi huyo. Katika wiki hizo chupa ya shilingi 15,000 inauzika. Lakini kuanzia Machi hadi Septemba kila mmoja hushuka ngazi aliyoipanda, na mfanyabiashara anayepanga bidhaa yake kwa ajili ya wiki za malipo atakaa miezi mingi akizipangusa chupa vumbi. Wenzetu wa bia wanalijua hilo, ndiyo maana bidhaa yao ina saizi ya msimu na saizi ya kiangazi.

Nirudi kwenye sukari. Chupa yangu ya tatu niliinunua mwezi Januari, na ilikuwa imekaa kwenye rafu ambayo jua la alasiri huifikia kupitia dirisha. Nilipoifikisha nyumbani na kukata ile karatasi ya dhahabu, kizibo kiliruka kabla sijakigusa, kikagonga dari, na povu likamwagika juu ya meza na juu ya shati langu jeupe. Kila aliyesoma shule ya msingi Mtwara na kuchapwa kwa ajili ya sare anajua kwamba doa la bibo halitoki, na la mvinyo wake, sasa naweza kuthibitisha, halitoki pia. Kilichobaki kwenye chupa kilikuwa kichachu, kisichonyweka. Sababu yake haihitaji maabara: hamira ilikuwa bado hai ndani ya chupa, ikapewa sukari mpya na joto la Januari, ikaendelea na kazi yake. Mwenye grosari alisema hilo ni la mtengenezaji. Kikundi kilinibadilishia chupa bila ubishi na kuomba radhi, jambo ambalo kampuni kubwa haziwezi kulifanya kwa haraka hiyo, lakini hawakuniambia kama wangeacha kutia sukari ya pili.

Ninaamini waiache. Wanaitia kwa sababu mteja wao, wanavyodhani, ameujua mvinyo kupitia ile mitamu ya Dodoma inayonywewa kwenye harusi na sherehe za kipaimara, na kwa hiyo wanaiga utamu wa zabibu kwa tunda ambalo uzuri wake uko kwenye ukakasi. Ukakasi unaweza kupunguzwa bila kufichwa. Njia inayojulikana kwa wasindikaji ni kutia jelatini au uji mwepesi wa wanga kwenye juisi, ule utando unaokamata ulimi ushikamane nao na kuzama, kisha juisi ichujwe, na mtengenezaji ndiye anayeamua aondoe kiasi gani. Mabibo yasipotiwa sukari ya ziada hutoa kinywaji chenye kilevi kidogo, karibu na cha bia kuliko cha mvinyo, na hicho ndicho kiwango ambacho friji ya Chikongola inaonyesha kwamba watu wanakitaka. Kwa maneno mengine, uraka ulikuwa kinywaji chepesi kabla bia nyepesi haijafika Mtwara, na kikundi hiki kinatumia gharama kuuondolea sifa hiyo.

Sisemi kwamba kazi ni rahisi. Kinywaji chenye kilevi kidogo huharibika upesi zaidi, na bila kuzipasha chupa moto baada ya kuzijaza, kwa joto linaloua hamira, mvinyo wa aina hiyo usingefika hata Mingoyo, njiani kuelekea Lindi. Sufuria kubwa, kipimajoto na mashine ya kukaza vizibo vya bati ni gharama kwa kikundi cha watu wachache. Lakini watengenezaji wa mvinyo wa ndizi wa Arusha waliuweka wao kwenye chupa za namna ya bia, zenye vizibo vya bati, na wakauza kwa watu wa kawaida, wala hakuna aliyewadharau kwa sababu chupa haikuwa na shingo ndefu.

Lebo inastahili lawama ya peke yake. Mbele ya chupa kuna picha ya kichala cha zabibu. Nimeigeuza chupa mara nyingi nikidhani nimekosea, lakini ni zabibu kweli, zambarau, na jani lake la kijani, juu ya kinywaji ambacho hakina hata punje moja ya zabibu. Jina limeandikwa kwa Kiingereza kitupu, na neno mabibo linapatikana nyuma tu, katika orodha ya viambato, kwa herufi ambazo mzee wangu alihitaji miwani mbili kuzisoma. Huko Goa, nchini India, ambako watu hukeneka mabibo kama sisi na kuiita pombe yao feni, mwaka 2009 walisajili jina hilo kisheria ili pasiwe na mtu wa mahali pengine wa kulitumia. Wao wanajivunia tunda, sisi tunalificha nyuma ya chupa. Nilimuuliza binti sababu, akajibu kwamba mteja akisoma mabibo anafikiria gongo. Huenda ana haki, lakini mteja akisoma zabibu halafu akaonja mabibo atafikiria ametapeliwa, na hilo ni baya zaidi.

Kuhusu uhalali, chupa zote nne za grosari zilikuwa na stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, TRA, ile iliyoanza kubandikwa kwenye bia, mvinyo na pombe kali Januari 2019, na programu ya simu ya Hakiki Stempu iliitambua kila moja. Chupa ya Ngongo haikuwa nayo. Niliambiwa kwamba zile zilikuwa za maonyesho, jibu ambalo nisingelikubali kutoka kwa mwenye duka yeyote na ambalo sikulikubali kwao pia. Tarehe ya kujazwa haipo kwenye chupa hata moja, na kwa kinywaji kilichokwisha kuonyesha kwamba kinaweza kuruka darini, tarehe hiyo si pambo.

Pamoja na hayo yote, bado naununua. Ukipozwa kwa saa tatu na kunywewa na samaki wa kuchoma au pweza wa Shangani ya hapa Mtwara, utamu wake hupungua makali na ukakasi hujitokeza, na hapo unauona mvinyo ambao ungeweza kuwapo kama usingekuwa na aibu ya asili yake. Sifa nyingine nazibana, kwa sababu aliyesifiwa tembo lake sote tunajua alilitia nini.

Juma lililopita nilikuwa kwenye ile grosari nikisubiri mvua ipungue. Kina mama wawili waliotoka kwenye kikao cha kikoba waliketi karibu na friji, na mhudumu, ambaye siku hizi anauza mvinyo huu kwa bilauri kwa shilingi 3,000, aliwapendekezea akisema waziwazi kwamba ni wa mabibo. Mmoja alicheka, akasema bibi yake alikuwa akiutengeneza huko Newala na hakuwahi kuulipia. Walionja bilauri moja kwa zamu, wakasifu harufu, na mkubwa wao akauliza kama ipo chupa ndogo ambayo angeondoka nayo.

"Hamna, mama, ni hiyo kubwa tu," mhudumu alijibu.

Mama aliitazama chupa ya kijani, akautazama mkoba wake, akaagiza Savanna mbili.